Kijana Ambaye Hakuwahi Kukosea

Limbiko ni nchi ya vilima vifupi na hotuba ndefu. Namna nilivyofika huko haina la kusimuliwa. Nilifika, nikapokewa vizuri, nikakabidhiwa kwa Bwana Kuchengo, ofisa wa Baraza la Kustahili, ambaye serikali ilimpa kazi ya kunitembeza na kuhakikisha ninaelewa ninachokiona. Alikuwa mtu mpole, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na alikuwa na tabia ya kufumba macho kila alipotaja sheria. Nilimpenda sana, ingawa sikukubaliana naye hata kwa jambo moja.

Siku ya kwanza alinipeleka uwanjani. Majukwaa yalikuwa yamejaa, akina mama wamekuja na watoto na vikapu vya chakula, wauza karanga wanapita huku na huku, lakini uwanja wenyewe ulikuwa mtupu. Kando ya mstari palikuwa na benchi, na juu ya benchi kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa nguo nyeupe zisizo na doa, mikono ameilaza magotini. Alikuwa amekaa tu. Baada ya muda aliinuka, akajinyoosha, akakaa tena, na umati mzima ukapiga makofi.

"Haya ni mazoezi," Bwana Kuchengo alininong'oneza.

"Ya nini?"

"Ya kukaa. Yule ni Shaweji, mrushaji wetu wa akiba. Hebu tazama mgongo ulivyonyooka. Hatujapata akiba wa namna hii tangu mimi nikiwa mtoto."

Inafaa nieleze mchezo wao, nao ni rahisi. Kila upande una mrushaji mmoja. Huyo hushika mpira, wenzake hukimbia mbele, naye hana budi kumrushia mmoja wao kabla wapinzani hawajamfikia na kumwangusha. Mpira ukidakwa na mwenzake, timu inasogea mbele kuelekea mstari wa mwisho. Ukidakwa na mpinzani, umepotea. Ushindi wote umo mkononi mwa mrushaji, na lawama zote pia, kwa hiyo kila timu huweka mrushaji wa akiba, kama ingefanya nchi yoyote yenye akili. Ila huko Limbiko, akiba anapendwa kuliko mrushaji mwenyewe.

Nilimwuliza mwenyeji wangu sababu. Akasema mrushaji mkuu, mtu aitwaye Pazi, amepoteza mipira mingi, na kila raia anaweza kukutajia ule uliomuuma zaidi. Shaweji hajapoteza hata mmoja.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Amerusha mingapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni anayetaka kunawa mikono kwenye bakuli la mchuzi.

"Hajarusha," akasema. "Ndiyo maana."

Sheria zinazohusu jambo hili ni tatu, na Bwana Kuchengo alinisomea zote bila kufungua macho. Ya kwanza inasema hakuna mtu atakayefanywa mrushaji mkuu kabla hajathibitisha uwezo wake katika mechi. Ya pili inasema hakuna atakayerusha katika mechi isipokuwa mrushaji mkuu. Ya tatu inasema akiba ambaye misimu yake mitatu imekwisha bila kucheza atavikwa joho jeupe na kuitwa Akiba wa Kudumu, atunzwe na taifa maisha yake yote, wala asiguse mpira tena. Nilimwambia kwamba hizo mbili za mwanzo zinakabana koo. Akajibu kwamba zimeishi pamoja tangu enzi za babu yake na hakuna aliyewahi kuzisikia zikigombana.

Msimu wa Shaweji ulikuwa wa tatu, na mechi iliyobaki ilikuwa moja tu, dhidi ya watu wa Ng'ambo ya Bonde.

Ili nielewe heshima inayomsubiri kijana, nilipelekwa kuiona Nyumba ya Chipukizi, wanakoishi Akiba wa Kudumu. Ni nyumba nzuri, ina bustani na veranda pana. Verandani walikaa wazee kwenye mabenchi, wote katika nguo nyeupe, migongo imenyooka kadiri mifupa ilivyowaruhusu. Wapita njia walikuwa wakiwasalimu kwa adabu kubwa: "Shikamoo, nyota ya kesho." Mmoja wao, Bwana Mkanga, hakuwa na jino hata moja. Alinishika mkono akaniambia kwamba yeye hajapoteza mpira tangu azaliwe, na kwamba wataalamu wengi humtaja kuwa huenda ndiye mrushaji bora kuliko wote nchini. Nilimwuliza kama angependa kurusha mmoja pale bustanini, watu wakiwa hawaoni. Akauachia mkono wangu, akaificha mikono yake chini ya mapaja. Mlezi akaja akamfunika blanketi, akaniomba kwa upole nisimsumbue tena.

Nilitoka pale nimenyong'onyea. Bwana Kuchengo alidhani ni kwa sababu ya kuguswa na heshima ile, nami sikumsahihisha.

Shaweji nilizungumza naye kesho yake, wakati wa mapumziko ya kukaa. Kwa karibu alikuwa kijana wa kawaida, mwenye masikio makubwa na aibu ya mtu aliyezoea kutazamwa. Alinisalimu vizuri, kisha akauliza swali ambalo naamini alikuwa amelitunza kwa ajili ya mgeni yeyote atakayepita.

"Samahani, mjomba. Kwenu mtu akikosea hufanywaje?"

"Hutukanwa."

"Halafu?"

"Halafu kesho anarudi kazini."

Akafikiri. "Basi kwenu kuzuri," akasema. "Mimi hapa watu wote wanajua kama naweza kucheza mechi. Sokoni wanajua, msikitini wanajua, bibi yangu kipofu anajua. Asiyejua ni mimi peke yangu. Na mechi hii ikipita nitavishwa lile joho, nitakufa sijajua."

Nilimhurumia sana. Nilimwuliza kama amewahi kuomba acheze. Alisema akiba haruhusiwi kuomba, maana kuomba ni dalili ya kutotulia, na kutulia ndiyo sifa yake kubwa.

Aliyekuwa akiomba ni Pazi. Mrushaji mkuu alikuwa na miaka arobaini au zaidi, bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na kila msimu alikwenda Barazani kusihi aachiwe apumzike. Kila msimu aliambiwa hawezi kuondoka mpaka mrithi wake athibitike. Kumthibitisha mrithi kulihitaji Pazi awe ameondoka. Watu walimzomea njiani kwa kung'ang'ania nafasi.

Baraza la Kustahili lilikaa wiki hiyo kujadili hoja moja: je, Shaweji anastahili jukumu kubwa zaidi? Niliruhusiwa kusikiliza. Mwenyekiti alikuwa Bibi Mwanamvua, mama mnene mwenye sauti ya kutuliza, na alianza kwa kukumbusha kanuni ya mjadala, kwamba asizungumze mtu yeyote aliyewahi kumwona kijana akirusha, kwa kuwa aliyeona hana tena uwezo wa kutoa maoni huru. Wajumbe wote wakaapa kwamba hawajaona kitu.

Msemaji wa kwanza alisema kijana anastahili, kwa sababu rekodi yake haina doa. Wa pili alisema bado mbichi, aachwe aive. Mtu akauliza ataivaje, naye akajibu, "Kwa kukaa," na sehemu kubwa ya ukumbi ikaitikia kwa kichwa. Akasimama profesa aliyechunguza kwa miaka miwili jinsi Shaweji anavyoinuka kwenye benchi. Alieleza kwamba kijana hutanguliza mguu wa kushoto, jambo linaloonyesha uoni wa mbali, na kwamba anavyokunywa maji ni kwa utulivu ambao Pazi hajawahi kuwa nao. Aliinua hata gilasi kutuonyesha. Nilitazama pembeni nisije nikacheka mbele ya watu wazima wenzangu.

Lakini aliyenifanya nitulie ni Bwana wa Idara ya Matumaini. Huyo hakuwa mjinga.

"Ndugu zangu," alisema, "mwaka wa ukame tulikula nini? Tulikula habari za akiba. Mwaka ambao timu ilifungwa mechi zote, nani alitufanya tuamke asubuhi? Akiba. Mnataka kumtumia. Sawa, mtumieni. Akiwa mzuri, atakuwa mzuri kiasi fulani, na kiasi hicho tutakijua, basi. Akiwa mbaya, tutakuwa tumempoteza. Kwa vyovyote vile, jioni ile tutarudi nyumbani hatuna kitu cha kutazamia. Mimi nawauliza, tutabaki na nini?"

Kuna mama alijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Hapo ndipo Pazi aliposimama nyuma kabisa ya ukumbi. "Mimi hurusha naye kila alfajiri nyuma ya ghala," alisema. "Mkono anao. Mwacheni acheze."

Zogo lililozuka sitalisahau. Kumbe kuna aliyeona! Bibi Mwanamvua alimwomba Pazi radhi kwa niaba ya Baraza, akamweleza kuwa ushahidi wake umeharibiwa na kujua, akaamuru atolewe nje. Askari wawili wakamtoa, mmoja wao akimpiga bega lile bovu kwa bahati mbaya.

Uamuzi ulisomwa baada ya chai. Baraza liliona kwa kauli moja kwamba kijana anastahili jukumu kubwa zaidi, na likampa: katika mechi ya mwisho, badala ya kukaa, atasimama. Watu walikumbatiana. Bwana Kuchengo alinishika bega akasema nina bahati kuishuhudia siku kama hii. Mimi nilikasirika, nikamwambia hivyo waziwazi, naye akanijibu kwamba wageni wengi hukasirika mwanzoni.

Siku ya mechi mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na uwanja ulikuwa matope matupu isipokuwa kipande cha nyasi katikati. Watu wa Ng'ambo walishuka kutoka upande wao, watu wachangamfu, nguo zao zimechakaa kwa kucheza. Shaweji alisimama mbele ya benchi lake, na kelele za kumshangilia kwa kusimama zilichelewesha mechi kuanza.

Pazi alirusha vibaya. Bega halikumtii. Mpira wa kwanza ulipotea, wa pili ukadondoka, na jukwaa likaanza kuliita jina la Shaweji, kama linavyofanya kila mechi bila kumaanisha lolote. Kisha wapinzani wawili walimfikia Pazi, wakamwangusha pale pale kwenye nyasi. Si kwa nguvu sana. Wao wenyewe waliinuka, mmoja akampa mkono amwinue.

Pazi hakuupokea. Alijigeuza chali, akaweka viganja chini ya kichwa, akatazama mawingu.

Mganga wa timu alikimbia. Nilikuwa mstari wa mbele, nikasikia kila neno.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Basi inuka."

"Siinuki."

"Kwa nini?"

"Nimechoka, bwana. Na hapa pana nyasi."

Nilimgeukia Bwana Kuchengo. Macho alikuwa ameshayafumba. Alisoma taratibu, kama mtu anayepapasa gizani: mrushaji mkuu akianguka, akiba hushika mahali pake mpaka atakapoinuka. Hiyo haikuwa katika zile tatu, ni kanuni ndogo ya uwanjani, iliyotungwa kwa ajili ya muda wa kufunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu ataanguka na kuridhika.

Bibi Mwanamvua alishuka mwenyewe hadi uwanjani, akamsihi Pazi kwa jina la mama yake. Pazi alisema mama yake angemwelewa. Refa akapuliza filimbi, na Shaweji akavuka mstari.

Sasa niseme nilichokiona, maana naona watu wa kule hawatasema. Mpira wake wa kwanza ulikuwa safi, chini na wa haraka, ukamfika mdakaji kifuani. Wa pili aliukumbatia mno. Mdakaji alikuwa peke yake, anapunga mikono, lakini kijana alisubiri mpaka wapinzani wakafika, na alipoachia, mpira uliishia kwa mtu wa Ng'ambo. Nyuma yangu mama mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mtu tu," akaanza kukusanya vyombo vyake.

Wa tatu ulipotea vilevile. Aliangushwa kwenye matope mara kadhaa, nguo nyeupe zikawa rangi ya udongo, damu ikamtoka puani, naye kila alipoinuka alikuwa anatabasamu. Alipita kando ya Pazi akirusha, wenzake wakimruka mkongwe yule aliyelala kama gogo njiani. Akapata mmoja, akakosa mmoja, akapata miwili. Dakika za mwisho alirusha mpira mrefu juu ya vichwa vya wote, ukadakwa nyuma ya mstari wa mwisho, na Limbiko wakashinda. Kwa macho yangu alikuwa mrushaji mzuri wa kawaida, ambaye kwa kazi na muda angeweza kuwa mzuri zaidi.

Watu waliondoka wameinamisha vichwa. Sijawahi kuona washindi wenye huzuni kama wale.

Lakini kila nchi ina njia yake ya kujiponya. Huko Limbiko ni desturi kwamba baada ya mechi nguo za akiba huchukuliwa na Idara ya Dobi, zikafuliwa na kupigwa pasi, ndipo zinapopelekwa Barazani kama ushahidi. Wajumbe huzikagua. Nguo chafu ni ushahidi kwamba akiba amecheza, na nguo safi ni ushahidi kwamba hakucheza. Nilimwuliza Bwana Kuchengo kwa nini wasizikague kabla ya kufua. Alishtuka kweli kweli. "Mbele ya Baraza?" akasema. "Nguo chafu?"

Basi Baraza lilizikagua, likaziona safi, na nchi nzima ikavuta pumzi. Bibi Mwanamvua alisoma uamuzi mbele ya umati uliojaa hadi barabarani. Kwa kuwa Pazi hakutoka uwanjani hata mara moja, ushindi ni wake. Mipira iliyopotea ni yake pia, kama kawaida yake. Shaweji hajacheza, hajarusha, hajakosea, na kwa kuwa msimu wake umekwisha, anavikwa joho leo hii. Vigelegele vilipaa. Yule mama niliyemsikia uwanjani nilimwona akiruka na mtoto mgongoni.

Shaweji alipandishwa jukwaani, pua bado imevimba. Waliposhika joho kumvalisha, alirudi nyuma.

"Nilicheza," alisema. "Jamani, mliniona. Mpira wa pili niliupoteza mimi."

Watu walipiga makofi kwa unyenyekevu wake.

"Nilikosea!" akapaza sauti. "Wa pili na wa tatu! Ni mimi!"

Makofi yakazidi, na Bwana wa Idara ya Matumaini akasema kwa machozi kwamba hakika huyu ni bora kuliko wote waliotangulia. Kijana alitugeukia, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta japo mmoja wa kumlaumu. Nilitaka kusema kitu. Mimi ni mgeni, na kule mgeni akisema huitwa mchangamfu tu, wala hasikilizwi, lakini nilitaka.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Pazi, kutoka mlangoni.

"Wa pili ulichelewa kuachia, we mjinga! Mtu yuko peke yake, anakupungia mikono, ulikuwa unasubiri nini?"

Umati uligeuka kwa hasira. Shaweji hakugeuka kwa hasira. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugenini.

"Niliogopa, kaka," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kukosa."

"Na ulikosa. Umekufa?"

"Sijafa."

"Wa tatu je? Macho yalikuwa wapi?"

"Nilimtazama mdakaji wangu Hoza mapema mno, wakajua nampa yeye." Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za jukwaa, akizungumza huku anashuka. "Lakini ule mrefu, kaka, ule wa mwisho?"

"Ule ulibahatisha," Pazi akasema. "Njoo nikuonyeshe kwa nini."

Nao wakatoka. Hakuna aliyewazuia, kwa sababu Bwana Kuchengo alifumba macho muda mrefu na hakuipata sheria inayomzuia akiba kutembea. Mikononi mwa Bibi Mwanamvua joho lilibaki limening'inia. Halafu mtu akakumbuka kwamba kuna akiba mpya wa msimu ujao, kijana wa kilima cha tatu ambaye inasemekana hajawahi hata kulishika tunda kwa mkono mmoja, na mjadala ukaanza upya pale pale.

Niliwafuata wale wawili mpaka nje. Walikuwa wameshika njia ya bondeni, inayokwenda Ng'ambo, Pazi akirusha mkono wake mbovu hewani kuonyesha jambo, na kijana akibisha. "Si kweli, kaka," nilimsikia akisema, "bega lilikuwa sawa, nilikosea mguu." Pazi akamzaba kofi la kisogo, akamwambia nyote mlikosea, bega na mguu na wewe mwenyewe. Shaweji akacheka mpaka akasimama kushika mbavu, kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari kwamba amepona.